Discovery 300Tdi: kurudisha themostati na kubadilisha kulanti. Ya digrii 82 au 88?

Mdandu300 (Iringa)

Wakuu, habari za leo.

Gari ni Discovery 1, injini 300Tdi, toleo la 1996, gia za mkono. Themostati (vali inayofungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto) haimo kabisa, ilitolewa na fundi wa awali na nyumba yake ikafungwa tupu. Dalili za sasa: sindano ya joto inalala chini tambarare yote, inapanda tu kwenye mlima. Asubuhi hita inatoa upepo vuguvugu hata baada ya kilomita 15. Moshi mweupe unachelewa kuisha, na mafuta yanakwenda kuliko inavyostahili. Maji yaliyomo ni ya bomba, rangi ya chai ya rangi. Njia yake kubwa ni Iringa hadi Mikumi, kwa hiyo mlima Kitonga ni wa kupanda na kushuka kila wiki.

Nataka kurudisha themostati na kuweka kulanti ya kweli (dawa ya kupoozea injini na kuzuia kutu) badala ya maji. Dukani kuna za digrii 82 na 88, na muuzaji anasema kwa nchi ya joto nichukue 82. Je, ni kweli? Kulanti inaingia lita ngapi, nichanganye vipi, na hewa inatolewaje kwenye injini hii? Zana nilizonazo ni za kawaida, na kazi nitaifanya nyumbani.

---

Spana_Kumi_na_Tatu (Morogoro)

Mkuu, chukua 88. Ndiyo ya kiwandani kwa 300Tdi. Hoja ya muuzaji inavutia masikioni, ila haina hesabu ndani yake. Namba iliyogongwa kwenye themostati ni joto la kuanza kufungua. Haiongezi nguvu ya kupooza hata chembe. Ukiwa katikati ya Kitonga na mzigo, iwe ya 82 au ya 88, zote zimeshafunguka mpaka mwisho, na kuanzia hapo mwenye kauli ni rejeta, feni na pampu ya maji. Gari linalochemsha na 88 litachemsha na 82 pia, labda dakika mbili baadaye.

Vitu vya kununua kabla hujagusa spana:

- themostati ya 88 na gasketi ya karatasi ya nyumba yake
- plagi ya juu ya nyumba ya themostati. Ya kiwandani ni plastiki, ikizeeka inajikunja na kuvuta hewa. Zipo za shaba nyeupe, chukua hiyo pamoja na oringi yake
- mfuniko mpya wa tangi dogo (lile la akiba la kujazia kulanti), wa psi 15, yaani karibu bar 1
- washa ya shaba ya plagi ya kumwagia maji ya bloku (mwili wa injini)
- klipu mbili tatu za mpira wa rejeta, za kukaza kwa bisibisi
- kulanti isiyochanganywa lita 6
- maji yaliyochujwa hadi yasibaki na madini, lita 18 hivi, ya kuchanganyia na ya kusuuzia mara ya mwisho. Haya ndiyo wauzaji wanaita maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana kama mapacha.

Mfumo mzima wa 300Tdi unachukua kati ya lita 11 na 11.5. Nusu kwa nusu maana yake ni kulanti lita 5.7 hivi, zinazobaki ni maji.

Kazi yenyewe. Injini iwe baridi kabisa, gari limelala saa tatu au zaidi. Liegeshe kwenye tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, sogeza hita kwenye moto hadi mwisho. Fungua mfuniko wa tangi dogo, kisha plagi ya juu ya rejeta, kisha plagi ya nyumba ya themostati. Weka beseni la lita 15 chini ya mpira wa chini wa rejeta, legeza klipu, uuzungushe mpira kwanza kabla ya kuuvuta ili usivunje mdomo wa rejeta. Yatatoka kama lita 7 au 8. Yaliyobaki yako ndani ya bloku, na hapo ndipo wengi wanaacha. Tafuta plagi ya bloku, ifungue. Kama haitoki kitu usifurahi kwamba bloku ni tupu: tundu limezibwa na matope ya kutu. Ingiza waya mgumu, chokoachokoa, utaona yanavyoruka.

Sasa nyumba ya themostati. Iko mbele juu ya hedi (kichwa cha injini), inashikwa na bolti tatu, mpira wa juu wa rejeta unaingia hapo. Chomoa mpira wa juu, mipira midogo na waya wa geji. Bolti ni za chuma, hedi ni aluminiamu, na maji ya bomba ya miaka yote hiyo yamewaozesha pamoja. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache hadi asubuhi. Siku ya kazi kaza kidogo kwanza, halafu ndiyo ufungue, robo mzunguko kwenda, robo kurudi. Ukihisi bolti inanyumbuka kama mpira, simama. Pasha moto nyumba, si bolti, kisha rudia. Bolti ikikatikia ndani ya hedi, kazi ya saa mbili inageuka ya siku mbili na fundi wa kutoboa. Urefu wa bolti unaweza kutofautiana, kwa hiyo toboa kipande cha kadibodi na uchomeke kila moja mahali pake.

Ziba tundu la hedi kwa kitambaa, kwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha mti mgumu au plastiki. Usiguse na diski ya kusagia, aluminiamu inalika haraka na uso hautakaa bapa tena. Angalia uso wa nyumba: ukiona vishimo vya kutu vimefika karibu na ukingo wa gasketi, nunua nyumba nyingine.

Themostati inaingia na upande wenye springi na kidude cha nta ukitazama ndani ya injini. Ukiigeuza, nta haipati joto la injini na utachemsha ndani ya kilomita 5. Kama ina kipini kidogo cha kupitisha hewa na imesimama wima, kipini kikae juu. Ikilala bapa kama kwenye hedi hii, haina shida. Gasketi kavu au mpako mwembamba wa grisi. Tafadhali usimwage silikoni. Inayojisokota kwenda ndani inakatika na kwenda kukaa kwenye mirija ya rejeta. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, hadi Nm 25 hivi. Kama huna spana ya kupimia mkazo, shika spana fupi ya 13 karibu na kichwa chake, kaza kwa mkono mmoja, ikigoma basi.

Kujaza na kutoa hewa nitaandika baadaye, maana kabla ya hapo lazima usafishe, na kwa maji ya rangi ya chai hiyo ni kazi peke yake.

---

Chuma_cha_Zamani (Mwanza)

Mnamsumbua bure. Themostati imewekwa kwa ajili ya Ulaya kwenye barafu. Huku kwetu ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini inapoa. Nusu ya magari mazee mjini hapa hayana na yanatembea. Aweke maji safi, abadili mfuniko, basi.

---

Rediata_Safi (Nakuru)

@Chuma_cha_Zamani, na heshima zote bwana, yanatembea ndiyo, lakini uliza yanakunywa mafuta kiasi gani na oili inakaa vipi.

Dizeli haina cheche. Inawasha kwa joto la hewa iliyokandamizwa, kwa hivyo silinda baridi inaiba joto hilo. Mafuta hayaungui yote, ndiyo ule moshi mweupe wa asubuhi anaosema. Yale yasiyoungua yanateremka ukutani mwa silinda, yanaosha oili, yanaingia kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini). Oili nayo haifiki joto la kukausha unyevu, ndiyo unaona ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili na mtu anaambiwa gasketi ya hedi imekwenda, kumbe ni injini haijawahi kupata moto vizuri. Pistoni zimetengenezwa ziwe na nafasi sahihi zikiwa moto. Zikiwa baridi zinacheza.

Pia fikiria mlima wenyewe. Anashuka Kitonga kwa gia, pampu imekata mafuta, injini haizalishi joto karibu lolote, na maji yaliyopoa ya rediata (rejeta) nzima yanapita kwenye hedi ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma. Kesho anapanda na mzigo, hedi inapanda joto ghafla. Aluminiamu inatanuka zaidi ya chuma, na katikati yao kuna gasketi. Themostati inapunguza huo mvutano kwa kujifunga wakati wa kushuka.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaliangalii. Injini nyingi, hasa za Toyota, themostati ina sahani ya pili chini yake. Injini ikipata moto, sahani hiyo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rediata. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji moto haioni rediata kabisa. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza kuitoa hata kama gari inachemka. Mwenye 1KZ, dizeli ya Toyota, aliyetoa themostati ili ipoe amejiongezea shida kwenye injini ambayo hedi yake inajulikana kwa kupasuka.

Na neno "maji safi" pia lina hesabu. Hapa Nakuru, karibu mita 1,850, maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwa digrii 94 hivi. Njombe, karibu mita 2,000, ni 93. Mfuniko mzima wa bar 1 ndio unaoyasukuma kupita 115. Mfuniko ukifa, umebaki na 93 au 94 na themostati inayofungua 88: nafasi yako ni digrii 5 au 6 tu. Nusu kwa nusu ya kulanti inakuongezea digrii 7 au 8 juu ya hapo, lakini faida kubwa si hiyo, ni kuzuia kutu. Rangi ya chai ni bloku inayoliwa.

---

Chuma_cha_Zamani (Mwanza)

Hiyo ya sahani ya pili sikuipinga. Ila themostati feki zimejaa. Inakwama imefunga, unaua injini kwenye jua kali. Bora isiwepo kuliko iwepo mbovu.

---

Spana_Kumi_na_Tatu (Morogoro)

Hapo una haki, Mkuu, na dawa yake ni kuipima kabla ya kuifunga. Sufuria ya maji, kipimajoto cha jikoni, themostati imening'inizwa kwa uzi isiguse kitako cha sufuria. Njia nzuri: bana kipande cha uzi kwenye mdomo wa vali, ukishika ncha yake. Vali ikianza kufungua, themostati inadondoka kutoka kwenye uzi, hapo soma joto. Ya 88 ikidondoka kati ya 86 na 90, iko sawa. Kisha izime moto na uangalie kama inafunga kabisa maji yakipoa. Inayofungua vizuri ila hairudi nayo ni mbovu.

Angalizo kwa waliopo juu milimani: Iringa mjini maji yatachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo themostati nzima ya 88 haitaonekana imefunguka mpaka mwisho. Usiitupe kwa sababu hiyo. Nta yake inahitaji digrii kumi na kitu juu ya namba iliyoandikwa ndipo vali ifike mwisho.

Pima mbili ukiweza, ya pili iweke kwenye boksi la zana.

---

Rediata_Safi (Nakuru)

Kusafisha. Kwa maji ya rangi hiyo usiweke kulanti mpya moja kwa moja, itakuwa imechafuka kabla ya wiki.

Kwanza nyumba ya themostati ifungwe bila themostati ndani, plagi zote zirudi, jaza maji ya bomba, washa, endesha dakika 20 hadi mipira yote iwe moto, kisha mwaga kwa mpira wa chini na kwa plagi ya bloku. Rudia mpaka yatoke meupe. Mara tatu ni kawaida.

Kama kuna magamba magumu ya chokaa, tumia asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwa wapishi. Gramu 400 hadi 500 kwa mfumo wa lita 11. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji moto. Endesha dakika 30, si zaidi, usilaze gari nayo usiku, maana hedi ni aluminiamu. Mwaga, suuza mara tatu, suuzo la mwisho liwe la maji yaliyochujwa. Usitumie magadi makali ya kufungulia mabomba: yanatafuna aluminiamu huku yakitoa gesi. Sabuni ya unga pia hapana, povu lake halitoki hata ukisuuza siku nzima, na povu ni hewa.

Rediata yenyewe itoe ukipata nafasi, isuuze kinyumenyume: mpira wa maji uingie kwa mdomo wa chini, utoke juu. Presha ndogo. Na nje, kati ya mapezi, vumbi na wadudu walioganda. Puliza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Rediata ikiwa moto, pitisha kiganja polepole mbele yake injini ikiwa imezimwa: mahali penye baridi ni mirija iliyoziba. Ukikuta robo nzima ni baridi, hakuna themostati itakayokusaidia.

Onyo moja kabla hujalaumu mtu: kutu ndiyo iliyokuwa inaziba matundu. Ukishasafisha, usishangae mpira au pampu kuanza kudondosha.

Kulanti ya zamani usimwage chini. Ni tamu kwa mbwa na inawaua kwa figo. Ifunge kwenye dumu, iandike.

---

Mdandu300 (Iringa)

Asanteni sana wakuu. Swali dogo: dukani kuna ya kijani, ya pinki na ya machungwa. Na nyingine imeandikwa "tayari kutumika". Ipi?

---

Spana_Kumi_na_Tatu (Morogoro)

Usichague kwa rangi. Rangi ni ya kiwanda kinavyopenda, haina kanuni ya dunia. Soma maandishi: iwe ya ethilini glikoli, iseme inafaa injini zenye aluminiamu, na iwe na namba ya kiwango kama BS 6580 au ASTM D3306. Isiyo na namba yoyote ni maji ya rangi. Zile za kizamani za silikati, ambazo mara nyingi ni za kijani, hubadilishwa kila miaka 2. Zile za asidi za kikaboni hufika miaka 5. Ukishachagua aina moja, ukae nayo. Kuzichanganya kunaua dawa za kuzuia kutu, na baadhi yake zikikutana zinatengeneza uji.

Ile ya "tayari kutumika" ina mtego. Tuseme umemwaga kwa mpira wa chini tu, zimetoka lita 8, na lita 3.5 za suuzo zimebaki kwenye bloku na hita. Ukijaza lita 8 zilizochanganywa nusu kwa nusu, umeweka lita 4 za kulanti kwenye mfumo wa 11.5. Hiyo ni asilimia 35. Chini ya theluthi moja kinga ya kutu inadhoofika, na wewe uko ukingoni siku ya kwanza. Isiyochanganywa inakwepa hilo: mimina lita 5.7 zote kwanza, halafu malizia na maji yaliyochujwa mpaka ijae. Haijalishi kilichobaki ndani ni kiasi gani.

Kujaza na kutoa hewa sasa, ndiyo sehemu inayoua hedi nyingi za 300Tdi.

Themostati iko mahali pake, mpira wa chini na plagi ya bloku vimerudi. Pua ya gari iwe juu kidogo kuliko nyuma, hata magurudumu ya mbele juu ya mbao yanatosha. Hita kwenye moto. Plagi ya rejeta na ya nyumba ya themostati ziwe wazi. Mimina kwa tangi dogo, taratibu, mpaka ionekane kwenye tundu la rejeta bila mapovu, funga plagi hiyo. Kisha hamia nyumba ya themostati: mimina hapo moja kwa moja mpaka ifike ukingoni. Minya mpira wa juu kwa mkono mara kumi, kumi na tano. Itashuka. Ongeza. Rudia hadi isishuke tena, ndipo ufunge plagi. Plagi ikaze kwa mkono mwepesi, nyumba ni aluminiamu. Malizia tangi dogo hadi alama, funga mfuniko.

Washa. Dizeli ikiwa inanguruma tu mahali pamoja inatoa joto kidogo mno. Unaweza kukaa dakika 30 themostati isifungue. Shika mizunguko 1,500 hadi 2,000, au zungusha gari mtaani taratibu. Mpira wa juu utakaa baridi muda mrefu, kisha utapata moto kwa ghafla ndani ya nusu dakika. Hiyo ndiyo themostati imefunguka. Kama mpira unapata joto polepole tangu dakika ya kwanza, haifungi vizuri au haijakaa kwenye kiti chake. Kama sindano inapanda na mpira wa juu bado baridi, zima: imekwama au kuna hewa mbele yake.

Iache ipoe kabisa, usiku mzima ni bora. Asubuhi fungua tangi dogo na plagi ya themostati, ongeza. Mara nyingi inadai nusu lita hadi lita moja na nusu.

---

Mdandu300 (Iringa)

Nimemaliza kazi jana. Themostati ya 88 ilifungua kwenye 87 sufuriani. Bolti zote zilitoka salama. Ilichukua lita 10.2, asubuhi hii ikadai 1.1. Mambo mawili:

Mosi, mara ya kwanza sindano ilipanda hadi robo tatu, ikadondoka ghafla hadi katikati, ikatulia. Leo haijarudia. Niogope?

Pili, kuna tone linaanguka mbele ya injini, eneo la pampu ya maji. Hapakuwa na tone kabla.

---

Spana_Kumi_na_Tatu (Morogoro)

La kwanza ni povu la hewa lililokaa kwenye sensa, likaondoka themostati ilipofunguka. Hiyo lita 1.1 ndiyo iliyochukua nafasi yake. Lakini kumbuka upande wa pili wa jambo hilo: sensa inasoma maji. Ikibaki kwenye hewa inaweza kukuonyesha baridi wakati hedi inapikwa. Sindano ikishuka ghafla ukiwa mlimani bila sababu, simama, usishangilie. Kwa gari hili kengele ya kiwango cha maji kwenye tangi dogo ina faida kuliko geji mpya.

Ili kuondoa wasiwasi wa gasketi ya hedi: asubuhi injini baridi, kabla ya kuwasha, minya mpira wa juu. Uwe laini. Washa, minya tena baada ya dakika moja. Ukiwa mgumu kama tairi wakati maji bado baridi, gesi ya silinda inaingia. Ukiwa laini hadi joto lipande, ni dalili nzuri.

---

Rediata_Safi (Nakuru)

Hilo tone, kausha eneo lote kwa kitambaa na upulizie hewa, kisha paka vumbi la chaki au unga wa ngano. Endesha dakika 10, tazama mfereji wa kwanza unaanzia wapi.

Ukitoka kwenye kitundu kidogo chini ya shafti ya pampu, sili ya pampu imekwisha. Kitundu hicho kimewekwa makusudi kionyeshe hivyo. Usikizibe. Ukitoka kwenye mshono nyuma ya pampu, huyo ni mgonjwa maarufu wa 300Tdi: gasketi yenye umbo la herufi P. Pampu lazima itoke kwa hali yoyote, kwa hivyo nunua pampu, gasketi yake na hiyo P kwa pamoja. Ufanye mara moja.

Kwa kufika huko feni inatoka. Nati ya 32, spana nyembamba, na nyuzi zake ni za kinyume: unafungua kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Watu wamevunja pampu nzima kwa kulazimisha upande mwingine. Kulanti uliyoweka juzi imwage kwenye beseni safi, ichuje kwa kitambaa cha pamba, itarudi yote.

Unga wa kuziba mavujo usiweke. Utaziba mirija ya hita kwanza, tone baadaye.

---

Mdandu300 (Iringa)

Chaki imeonyesha mshono wa nyuma ya pampu, kitundu ni kikavu. Naagiza P na pampu. Tone ni moja kila dakika tatu hivi, gari likiwa moto. Naweza kushuka nalo Mikumi Jumamosi?

---

Spana_Kumi_na_Tatu (Morogoro)

Kwa tone hilo unafika, ukibeba lita 5 za mchanganyiko na kuangalia tangi dogo Ruaha Mbuyuni wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, kabla hujaanza kupanda Kitonga. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa moto, alama ya tangi inaonekana kwa nje. Tone likigeuka mfululizo, lala hapohapo.

Na ukishafunga P mpya, pima ukali wa kulanti kwa kile kipimo cha kioo. Kinasoma digrii za kuganda hata kama hatuna barafu: ikisoma karibu na 37 chini ya sifuri ni nusu kwa nusu, ikisoma 18 chini ya sifuri umeshafika theluthi moja na unapaswa kuongeza isiyochanganywa.